Nyumba ya Milango Mitupu

Mama huweka kokwa za tende kwenye mkebe wa samli,
za fardhi, nyembamba, zina mfuo mgongoni
kama zimekunjwa na fundi cherehani.
"Mtu anasoma miaka saba," asema, kwa Kiswahili cha Wete
ambacho Nizwa haijakichujua rangi,
"halafu anarudi kuokota nilichokitema."

Sawa, mama. Nipe kilo mbili.

Maabara yetu iko upande wa Firq, kiyoyozi kinakohoa.
Nje ni Julai, nyuzi arobaini na saba.
Ndani ya tanuru, mia nane.
Kokwa imesagwa, imelowekwa magadi makali ya potasi,
imefunikwa naitrojeni isije ikashika moto,
maana twataka iungue bila ndimi,
iungue kwa adabu.
Nyuzi tano kila dakika. Si sita.

Wiki iliyopita dada yake Shinuna alikuwa anaolewa,
nikapandisha kumi, tuwahi.
Tulipofungua: jivu,
na kipande kimoja kinachong'aa kama jino bovu.
Vitundu vyote vilikuwa vimeangukiana.
Shinuna, hina bado mbichi viganjani,
hakusema neno. Alifagia.

Betri ni bahili: anacho tele, hutoa kwa kijiko.
Hiki chetu mkono wake mwepesi, mfuko wake mfupi.
Hupokea kwa pumzi moja, hutoa kwa pumzi moja,
na hujamaliza kusema ahsante
kimeshakauka.
Kazi yetu ni mfuko.
Kuupanua, mkono usije ukawa mzito.

Na mfuko huu haushonwi kwa kuongeza uzi.
Hushonwa kwa kupunguza.
Magadi hutafuna kaboni, huacha vyumba,
na ndani ya vyumba vijichumba
ambavyo unywele ukisimama kando yake ni mnara.
Gramu moja, hata kijiko cha chai hakijai,
ukiikunjua kuta zake zote
hutandika uwanja wa mpira, goli hadi mstari wa kati.
Karibu na mstari wa kati.
Shinuna hapendi nitie chumvi.

Utotoni mama alitutega nyumba isiyo na mlango,
tukapiga kelele: yai!
Leo namtega mimi:
nyumba yangu ni milango mitupu.
Anatazama dari. Anataka nimpe mji.
Simpi.

Halafu kuosha.
Maji, chujio, karatasi ya litmasi. Maji.
Maji tena, hadi karatasi ikatae kugeuka,
na mgongo nao ukatae kunyooka.
Unga mweusi unaingia kwenye kucha, haukubali sabuni;
harusini walidhani nimejipaka piko vibaya.

Twaukandamiza juu ya sponji ya nikeli,
twaufungia ndani ya kidonge cha chuma
sawa na sarafu ya baisa hamsini.
Mashine inajaza, inatoa. Inajaza, inatoa.
Mchoro ulitakiwa uwe mstatili;
wetu umevimba ubavuni, mkate ulioumuka upande mmoja.
Sampuli ya Machi ilichoka mzunguko wa elfu tatu.
Hii imefika elfu kumi alfajiri ya Jumanne,
na bado inashika tisini na moja kwa mia.
Mlinzi alinikuta nimekaa sakafuni,
akauliza kama nimefiwa.

Jioni nikampelekea mama sarafu tatu, nimeziunga msururu,
na taa nyekundu, kubwa kama punje ya mtama.
Ikawaka.
Alihesabu kwa Kiarabu, akipotea akahamia Kiswahili.
Sekunde sitini na saba.
Ikazimika.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo hiyo."
"Miaka saba?"
Nikanyamaza.
Akatafuna tende yake pole pole,
akaigeuza kokwa ulimi huku na huku,
akaitema kiganjani,
akanipa ingali na mate.

"Washa tena," akasema.